Gari jipya, ugonjwa uleule: uende kwa muuzaji, Mamlaka ya Ushindani au mahakamani?

Mara ya tano nilipolipeleka gari kwenye gereji ya muuzaji, Industrial Area ya Nairobi, kijana wa mapokezi alikwisha kunijua kwa jina. Chai ilifika kabla sijaiomba. Gari lilikuwa na miezi kumi na minne tangu viti vivuliwe plastiki, na giaboksi ilitetemeka kila nilipopanda mdogomdogo kwenye foleni kutoka Westlands kwenda Kangemi, kama mtu mwenye homa anayejikaza mbele ya wageni. Kwenye karatasi ya kazi kijana akaandika yaleyale ya mara nne zilizotangulia: limejaribiwa barabarani, hakuna hitilafu. Fundi alikuwa amelijaribu saa nne asubuhi, barabara nyeupe, injini haijapata hata moto wa kutosha.

Tangu siku hiyo nimepita njia mbili za kudai haki yangu, na ya tatu nikamsindikiza shemeji wangu. Kwa hiyo watu hunipigia simu wakiuliza waende wapi. Swali hilo lina majibu kadhaa, na njia iliyomfaa mmoja inaweza kumla mwingine pesa na miaka.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Kenya hatuna sheria maalumu ya magari mabovu inayosema kwamba likitengenezwa mara kadhaa bila kupona unapewa jipya. Afrika Kusini, sheria yao ya watumiaji ya 2008 inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro na kuchagua mwenyewe: itengenezwe, ibadilishwe, au arudishiwe pesa. Sisi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachotaja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Na tuna ile kongwe, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ndiyo mawakili huifungua kwanza. Haki zipo. Kisichokuwepo ni ile hesabu ya moja kwa moja, ndiyo maana kuchagua mlango ni nusu ya kazi.

Uliyemlipa ndiye unayemdai

Wengi hukasirikia kiwanda. Wanataka kuandika Japani, Ujerumani, Korea. Lakini mkataba wako ni na aliyekuandikia risiti. Waranti ni ahadi ya kiwanda, sawa, ila inatekelezwa hapa na muuzaji mwenye idhini, na wajibu wa kukuuzia gari linalofaa kwa kazi yake ni wa muuzaji mwenyewe. Kiwanda kinanakiliwa barua, maana muuzaji anaogopa kuonekana na wakubwa wake kuliko anavyokuogopa wewe.

Mtumba wa kutoka Japani ni habari nyingine. Hapo kiwanda hakikujui na muuzaji mwenye idhini wa Nairobi hakukuuzia kitu. Uliyenaye ni mwenye yadi, na silaha yako ni mkataba wenu pamoja na yale aliyokuambia kabla hujalipa. Isipokuwa kasoro ya usalama, ambayo hufuata namba ya chasisi. Vilipulizi vya mifuko ya hewa vya kampuni ya Takata, vilivyoharibika kwa joto na unyevunyevu, viliitwa virudishwe karibu milioni 100 duniani kote, na kampuni yenyewe ikafilisika Juni 2017. Ukiwa na gari la miaka hiyo, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kiwanda, chapisha jibu, halafu umpelekee mwenye idhini ukimuuliza kwa maandishi. Hata kama hulalamikii giaboksi, hilo lifanye.

Benki nayo usiitegemee. Gari likilala gereji mwezi mzima, mkopo unakatwa tarehe ileile. Bima kubwa pia hailipi giaboksi iliyojifia yenyewe.

Kurudi kwa muuzaji

Njia hii ndiyo ya bei rahisi na ndiyo inayodharauliwa, kwa sababu watu huifanya kwa mdomo. Wanaenda, wanalalamika, wanapewa chai, wanarudi nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malalamiko hupotea hivyohivyo.

Mimi nilibadilisha mambo matatu kuanzia mara ya sita. Kwanza, nilikataa kutia sahihi karatasi ya kazi mpaka maneno yangu yaandikwe kama nilivyoyasema: "linatetemeka kati ya kilomita kumi na ishirini kwa saa, likipanda, baada ya dakika arobaini za foleni." Kijana alitaka kuandika "mteja anadai mtikisiko". Tukavutana kidogo, kwa heshima, akaandika yangu. Pili, nilidai fundi apande gari nami, jioni, saa kumi na moja na nusu, foleni ikiwa imeiva. Tulipofika karibu na daraja la Kangemi gari likatetemeka mpaka chupa ya maji ikaanguka kwenye miguu yake. Hakusema neno. Nikamwomba aandike aliyoyaona, akaandika mistari miwili kwa mkono, na mistari hiyo ndiyo iliyobeba kesi yangu yote. Tatu, barua ya madai: ukurasa mmoja, tarehe za safari zote, kilomita za kila safari, ninachotaka, na siku kumi na nne za kujibu. Nakala moja kwa barua pepe, nyingine kwa mkono ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ya tatu kwa ofisi ya kiwanda ya ukanda huu.

Kabla ya hapo, meneja wa huduma alikuwa amenieleza kwa upole kwamba tatizo ni namna ninavyoendesha. Nilikaribia kumwamini. Baadaye nikasoma kuhusu Ford ya Australia: Aprili 2018 mahakama ya shirikisho iliitoza dola milioni 10 za huko kwa jinsi ilivyowashughulikia wenye magari ya giaboksi ya PowerShift, yaani Fiesta, Focus na EcoSport. Baadhi yao walikuwa wakiambiwa mtetemeko unatokana na uendeshaji wao, ilhali kampuni ilijua giaboksi ina shida. Sisemi kila muuzaji anafanya hivyo. Nasema ukiambiwa kosa ni mguu wako, omba uandikiwe.

Udhaifu wa njia hii ni mtego wa muda, na huu nataka niukazie. Chini ya Sura ya 31, ukikaa na gari kwa muda wa kutosha bila kusema unalikataa, sheria inakuhesabu umelipokea. Ukishalipokea huwezi tena kulirudisha na kudai pesa zote. Unabaki na fidia ya hasara tu. Huku wewe unafanya subira ya Kiswahili, ukiambiwa "tupe wiki moja, mzee," haki ya kulirudisha inayeyuka. Kwa hiyo kama unachotaka ni kurudisha gari, sema hivyo kwa maandishi mapema, wiki za kwanza, na usiendelee kulizungusha kaunti zote kana kwamba hujaandika kitu. Mimi nilichelewa. Nilipopata akili nilikuwa nimeshatembea kilomita elfu ishirini, na wakili niliyemwuliza alicheka, si kwa ubaya.

Mamlaka ya Ushindani

Watu wengi hudhani Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ni ya mambo ya makampuni kumezana. Sheria yake ya 2010 ina sehemu nzima ya watumiaji: kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, kumwonea mteja, kuuza kisicho salama. Kulalamika ni bure, huhitaji wakili, na rungu lao ni zito, kwani faini yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni nchini ya mwaka uliotangulia.

Ila elewa wanachofanya na wasichofanya. Faini inaenda serikalini, haiji mfukoni mwako. Wao wanatazama mwenendo wa kampuni, na gari moja lenye giaboksi mbovu laweza kuonekana kuwa ugomvi wa mkataba kati ya watu wawili. Magari kumi yenye kilio kimoja ni mwenendo.

Wenzangu niliwapata kwenye kochi la kusubiria. Mwalimu mmoja kutoka Rongai na mama mwenye duka la vitambaa, sote gari lile lile, namba za chasisi zimekaribiana kama watoto wa darasa moja. Kila mmoja akaandika lalamiko lake, tukayatuma siku moja, kila moja likiyataja mengine mawili. Kilichobadilika haraka ni lugha ya muuzaji. Barua zilizokuwa zikiandikwa "mteja wetu mpendwa" zikaanza kuandikwa na mwanasheria wao, na mwanasheria wa kampuni akianza kukuandikia, ujue kuna mtu juu amepiga hesabu.

Mfano mkubwa wa njia hii barani mwetu ni gari la Ford liitwalo Kuga. Januari 2017 Ford Afrika Kusini iliyaita magari 4,556 ya Kuga ya lita 1.6 yarudishwe kwake, baada ya mengi kuwaka moto. Maji ya kupozea yalipungua, injini ikapata joto kupita kiasi, kichwa cha silinda kikapasuka, oili ikavuja. Tume yao ya watumiaji iliyabeba malalamiko ya wenye magari kwa pamoja. Suala hilo lilichukua miaka mpaka wakafikia suluhu ya faini na fidia. Ndiyo hali ya njia hii: ina nguvu, haina haraka, na haikupi tarehe.

Mahakama ya Madai Madogo

Kama unachotaka ni pesa ulizotumia, na hazizidi shilingi milioni moja, acha kusoma mengine. Njia yako ni hii.

Sheria yake ni ya 2016. Mwanzo kikomo kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja, na mahakama ya kwanza ikaanza kazi Milimani Aprili 2021. Inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unajiwakilisha mwenyewe, unajieleza kwa Kiswahili chako, na mwamuzi habanwi na zile kanuni ngumu za ushahidi. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu.

Shemeji wangu alinunua mtumba kwenye yadi moja ya Ngong Road. Wiki ya tatu taa ya joto ikawaka. Alipochomoa kijiti cha oili kilitoka na kitu kama chai ya maziwa, na kila fundi wa Kirinyaga Road anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili, gasketi ya kichwa imekwenda. Mwenye yadi akamwonyesha mkataba: gari limeuzwa jinsi lilivyo, mnunuzi amelikagua. Wengi hukoma hapo. Lakini shemeji alikuwa na ujumbe wa simu wa kijana wa mauzo, "injini ni safi, haijawahi kufunguliwa," na fundi alipoifungua akakuta gundi nyekundu ya silikoni ambayo hakuna kiwanda kinachoipaka hivyo. Mtu alikwisha kuingia humo kabla.

Akachapisha ujumbe, akaambatanisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki ingawa mahakama hiyo si kali sana kuhusu hilo, akaweka picha za silikoni karibu na mwongozo wa gereji, ripoti ya mkaguzi huru, na risiti za ukarabati, kuvutwa na ukaguzi: shilingi 268,000 zote pamoja. Kuhusu ile sentensi ya "jinsi lilivyo", hoja yake ilikuwa fupi: Sheria ya 2012 haikubali haki za mtumiaji zifutwe kwa sahihi, na zaidi ya hapo alidanganywa. Wiki ya nane alipata hukumu.

Kuna mambo mawili ambayo vipeperushi havikuambii. La kwanza, zile siku 60 zina makali pande zote. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama hukumu iliyotolewa baada ya siku hizo inasimama au la, kwa hiyo wewe usiwe mtu wa kuomba kesi iahirishwe. La pili, hukumu ni karatasi. Shemeji alilipwa mara mbili, nusu kwa nusu, na ni baada ya notisi ya dalali kubandikwa langoni. Mwenye yadi anaweza kuhamisha magari usiku na kesho akawa na jina jingine la biashara. Kabla hujafungua kesi, tafuta jina halisi la kampuni kwenye msajili wa biashara, si lile lililo kwenye bango. Muuzaji mkubwa mwenye ukumbi na ghala la spea hana pa kukimbilia, na dhidi yake hukumu ya mahakama hii hulipwa kwa urahisi zaidi.

Isichoweza kukupa ni gari jingine. Na usijaribu kulikata dai la milioni tatu vipande vitatu.

Mahakama kubwa, na kudai mkiwa wengi

Juu ya milioni moja unakwenda kwa hakimu. Hakimu mkuu anafika hadi milioni 20. Hapa ndipo unapoweza kudai bei yote ya gari jipya. Utahitaji wakili, na ada yake inapanda na thamani ya dai, utahitaji mhandisi wa kutoa ushahidi na kuhojiwa, na utahitaji moyo. Hesabu miaka. Muda wa kisheria ni mpana, miaka sita kwa mkataba na mitatu kwa madhara mengine, lakini gari haliusubiri: ushahidi wako unachakaa kila siku unapoliendesha.

Mkiwa wengi, kanuni za mashtaka zinaruhusu mmoja kushtaki kwa niaba ya wenzake wenye dai lilelile, na Sheria ya 2012 inalinda haki ya kushtaki kwa pamoja hata mkataba ukiikataza. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, kundi la Wanairobi ishirini halikubaliani hata tarehe ya kikao, na muuzaji akijua kiongozi ni nani atamtengenezea gari lake kimyakimya kwanza. Ningeifikiria kwa kasoro ya usalama tu, pale ambapo mtu anaweza kufa.

Kupiga kelele mtandaoni ni njia ya mkato ambayo sitaibishia sana, kwa sababu wakati mwingine hufanya kazi kwa siku moja kuliko barua kwa miezi miwili. Weka ukweli unaoweza kuuthibitisha, tarehe na picha, uache maneno kama "wezi". Ukishtakiwa kwa kuchafua jina, wewe ndiye utakayetafuta wakili.

Kuziweka kando kwa kando

Unataka gari litengenezwe likapona, na waranti bado iko hai: muuzaji, kwa maandishi, na Mamlaka mkiwa wengi. Ndiyo iliyonifaa mimi. Unataka pesa za ukarabati uliokwisha kulipia: Madai Madogo, wala usipoteze muda kwingine baada ya barua moja. Ni mtumba wa yadi: Madai Madogo tena, mradi umjue unayemshtaki. Unataka kulirudisha gari na kupewa bei yake: barua ya kulikataa wiki hii, wakili wiki ijayo, na ukubali kwamba waweza kuishia kwenye fidia. Breki, usukani, moto, mifuko ya hewa: Mamlaka mara moja, usingoje mwenzako wa pili, na usilipande.

Njia hizi hazifungiani mlango. Barua ya madai inakusaidia katika zote, na lalamiko lililoko kwa Mamlaka halikuzuii kwenda mahakamani. Kinachoua watu ni kuzifuata moja baada ya nyingine kwa adabu, wakisubiri ya kwanza ikatae ndipo waanze ya pili, huku waranti inaisha. Lalamiko lolote liingie kwenye karatasi kabla ya siku ya mwisho ya waranti, hata kama gari siku hiyo linaenda vizuri.

Kwangu mimi ilichukua miezi tisa. Giaboksi nzima ilibadilishwa bila malipo, na nikaandikiwa waranti ya miezi kumi na minane kwa hiyo mpya. Mwalimu wa Rongai alipata kama yangu. Mama wa vitambaa aliuza lake kwa hasara kabla hatujafika mwisho, alichoka. Pesa za teksi za siku zote nilizokosa gari sikuzipata. Ningeweza kuzidai Milimani, risiti zipo, lakini nilikuwa nimetia sahihi makubaliano yanayosema madai yote yamekwisha. Sikuisoma aya ile vizuri, mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine kusoma.

Waranti ile imebakiza miezi minne. Nikifika karibu na daraja la Kangemi jioni bado nazima redio, nasikiliza.